Sahani ya Waliokonda

Mpishi mwenye tumbo si ushahidi, lakini ni mwanzo wa ushahidi. Hivyo ndivyo Kipkorir alivyowaza alipomwona Wasike akitoka jikoni pale Makao ya Tumaini, tumbo limetangulia, mwenyewe anafuata. Kwenye benchi la jua, hatua chache tu kutoka mlango huohuo wa jikoni, ameketi ndugu yake Kipyego, na shati lililomkaa sawasawa wakati wa Krismasi sasa linamning'inia kama limeanikwa.

Ulikuwa mwaka wa themanini na nne, mvua ilipokataa hata huku Uasin Gishu, na watu waliozoea kuuza mahindi wakapanga foleni kununua mahindi ya njano yaliyoletwa kwa meli. Mahindi yale nayo yalikuwa na maneno yake. Wengine walisema yametiwa dawa ya kuwamaliza wanaume. Siku zile ukiuliza jambo kwa sauti, mwenzako hutazama kwanza nyuma ya bega lako ndipo akujibu. Redio ilisema kila kitu ni sawa, watu wakaitikia kila kitu ni sawa, kisha wakaenda nyumbani kunong'onezana ni kipi hakiko sawa. Kipkorir hakuwa mtu wa kunong'ona. Alikuwa mkulima wa Sugoi, mrefu, mkavu, mwenye koti refu la kijivu la mtumba, na kazi ya kushuku aliifanya mchana kweupe kama kazi nyingine yoyote ya shamba.

Kipyego alimfuata kwa kuzaliwa. Mwili wake ulikua ukawa wa mwanamume, akili ikabaki nyuma kwenye utoto. Maneno aliyokuwa nayo yalikuwa ya kuitia ng'ombe tu, kila ng'ombe kwa sauti yake. Alichunga miaka mingi na hakuna mnyama aliyepotea mkononi mwake. Kisha kifafa kikamwanza, siku moja kikamwangusha motoni, na tangu hapo akawekwa Makao, nje kidogo ya mji wa Eldoret, apate kumeza dawa kila siku mbele ya mtu anayeona.

"Mzee Kipkorir, kaa kidogo," alisema Sista Sarah Jepkemboi, muuguzi msimamizi. Alikuwa msichana wa huku huku, amesomea Nairobi, sauti yake ya chini lakini hairudi nyuma.

"Masikio yangu yanafanya kazi hata nikisimama."

"Sawa. Tumeanza kupima watu wote hapa kila mwisho wa mwezi. Zamani tulikuwa tunangoja mtu augue ndiyo tuone amekonda. Hawa watu wetu wengi hawawezi kusema nina njaa, au tumbo inauma. Sasa mizani inasema kwa niaba yao."

"Na mizani inasema nini juu ya huyu?"

"Amepungua mara mbili. Mara ya kwanza nikamtia kwenye sahani ya waliokonda. Hiyo ni nyama kila siku, maziwa, chakula nzito. Mara ya pili akapungua zaidi."

"Mnampa nyama na maziwa, halafu anapungua."

"Ndiyo. Hiyo ndiyo inanisumbua. Akishuka tena mwisho wa mwezi huu, sina ruhusa ya kukaa naye. Daktari amesema aende Nairobi, ile hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili, wamchunguze."

"Wamchunguze, arudi lini?"

Sista Sarah alitazama mikono yake. Kipkorir akapata jibu lake hapo.

Nairobi hakuijua, na nauli ya kwenda kutembelea mtu Nairobi hakuwa nayo. Lakini si hiyo iliyomtisha. Kipyego hawezi kutaja jina lake. Hapa kila mtu anamjua, hata mbwa wa bawabu anamjua. Akitiwa katikati ya mamia ya watu wasiomjua, karatasi yake ikipotea, atakuwa nani? Atakuwa mwanamume fulani anayelia kama ng'ombe.

"Basi hampi," alisema.

"Nani hampi?"

"Nyama ikitoka jikoni na isifike tumboni, kuna mahali imepitia."

Akageuka kuelekea jikoni kabla Sista hajamaliza kusimama.

Wasike alikuwa anafunga ndoo kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Ndoo imefunikwa kwa gunia, na gunia limefungwa kwa kamba. Wagonjwa walikuwa wanatoka chakulani, wakasimama kutazama, maana pale Makao mchana ni mrefu na tamthilia ni chache.

"Fungua," alisema Kipkorir.

Wasike alimtazama usoni, macho yakashuka na koti lile mpaka chini, yakapanda tena. "Na wewe umetumwa na nani?"

"Sijatumwa. Fungua ndoo."

"Watu wenye koti kama hiyo, bwana, tunajua wanafanya kazi ofisi gani. Mimi sina maneno na serikali. Kadi ya chama ninayo, picha ya Rais nimetundika, nyimbo naimba."

"Mimi mkulima."

"Hata hao husema ni wakulima."

"Huyu ni mwizi," Kipkorir aliwaambia wagonjwa, akinyoosha kidole. "Ndugu yangu anaisha, na huyu anabeba nyama yake kwa ndoo."

Wasike alifungua kamba pole pole, akaondoa gunia, akarudi nyuma kama mtu anayemkaribisha mgeni mezani. Ndani kulikuwa na maganda ya viazi na vikonyo vya kabichi. Kipkorir akakunja mkono wa koti akauzamisha mpaka kwenye kiwiko, akakoroga, akatafuta chini kabisa. Akatoka na ganda la yai limemganda kidoleni.

"Hiyo ni ya nguruwe wa mama mwenyekiti wa kamati, kule Elgon View," alisema Wasike. "Kama ni kushtaki, nenda ukamate nguruwe. Lakini ujue wanaishi vizuri kuliko wewe, watakuwa na wakili."

Wagonjwa walicheka. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Adongo, mwalimu wa zamani ambaye maradhi ya akili yalimtoa darasani, mtu mnene mwenye mashavu yanayong'aa. Kipkorir aliyaona yale mashavu. Akayaweka akiba.

Aliporudi kwa Sista, bado anajipangusa, alimkuta amekunja mikono kifuani.

"Umemaliza? Sasa mimi pia nina swali. Kile kibuyu unacholeta kila ukija."

"Mursik. Maziwa ya nyumbani. Ng'ombe wanaisha, napata kikombe kimoja tu, nacho namletea yeye."

"Kila ukija na kibuyu, siku hiyo hagusi chakula chetu hata kidogo. Nimeangalia. Sijui unachanganya nini humo."

"Sasa mimi ndiye ninamwua?"

"Sijasema hivyo. Lakini nikikuruhusu kushuku kila mtu hapa, na wewe lazima ushukiwe kidogo. Kuanzia leo kibuyu kinabaki kwa bawabu Murunga pale getini."

Kipkorir aliumia, na kwa kuwa aliumia hakufikiri zaidi juu ya maneno yale. Aliomba jambo moja tu: aje aketi karibu na ndugu yake wakati wa chakula, aone kwa macho yake sahani ikitoka jikoni mpaka inaisha. Sista Sarah akakubali, labda kwa kuwa naye alitaka kumwangalia Kipkorir mwenyewe.

Alirudi wiki iliyofuata. Hakwenda tena Sugoi baada ya hapo. Alijipatia kona ya kulala kwa mtu wa kanisani kwao aliyehamia mtaa wa Langas, hapo hapo Eldoret, maana mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia.

Chumba cha kulia kilikuwa kirefu, meza za mbao, madirisha upande wa barabara. Wasike alipomwona aliinua upawa juu kama padri anayeinua kikombe.

"Mzee wa upelelezi, karibu. Angalia vizuri. Hii nyama. Hii nyama tena. Nikuhesabie ama utahesabu mwenyewe?"

"Weka tu."

Sahani ilikuja imejaa: ugali wa njano, vipande vya nyama, mchuzi mweupe mzito uliotambaa mpaka ukingoni. Kipkorir alikuwa hajaona sahani kama ile tangu mvua ikatae. Akakaza macho asipepese.

Kipyego aliinamia sahani akanusa. Akanusa tena, pole pole, kama mtu anayetamani awe amekosea lakini anajua hajakosea. Kisha akaisukuma mpaka mbele ya Adongo, akakunja mikono mapajani.

"Asante, ndugu," alisema Adongo, na kijiko chake kilikuwa njiani tayari.

Kipkorir akamshika mkono. "Ndiyo maana una mashavu."

"Mzee, niachie mkono. Mimi sijaomba. Ananipa kila siku, kwa hiari yake, na mimi nililelewa vizuri, sikatai."

"Unamtisha."

"Mimi? Muulize."

"Unajua hasemi."

"Basi muulize hivyo hivyo. Mimi naona kama amefunga. Kuna watu hufunga, wana sababu zao, mwenye busara hawaulizi, anawasaidia sahani."

Kipkorir alimtazama Kipyego. Ndugu yake hakuwa na hofu. Alikuwa ametulia kama mtu aliyefanya kazi yake. Hapo shaka ikamtoka Adongo ikaruka mahali pengine, maana shaka ya Kipkorir haikuwahi kukosa pa kutua.

"Huu weupe ni nini ndani ya nyama?" alimwuliza Wasike.

"Maziwa ya unga. Ile ya magunia kutoka ng'ambo. Kwanza tulikuwa tunaweka kikombe pembeni, huyu wako akawa anakula nyama anaacha maziwa. Sista akasema, basi pikia ndani, asiweze kuiacha."

Ya magunia, kutoka ng'ambo. Kipkorir akayakumbuka maneno ya mahindi ya njano. Ndugu yake hana masomo lakini ana pua. Pua ya mchungaji inajua nyasi mbaya kabla ng'ombe hajainama. Kuna kitu humu. Na njia ya kujua ni moja. Akavuta sahani kutoka kwa Adongo, akachukua kijiko, akala.

Ilikuwa tamu. Alingoja uchungu uje nyuma ya ulimi, haukuja. Akala kijiko cha pili kuhakikisha, na cha tatu, na ukweli ni kwamba cha tatu hakikuwa uchunguzi tena.

Kipyego akapiga kelele. Si kelele ya kifafa, Kipkorir aliijua ile. Alimpokonya ndugu yake kijiko, akakishika kichwa cha Kipkorir kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaanza kumpangusa mdomo kwa kitambaa cha shati, kwa nguvu, nje na ndani, mpaka fizi zikauma. Kisha akamvuta koti mpaka dirishani.

Barabarani palikuwa panapita ng'ombe. Siku zile walipita kila siku, mbavu nje, wakipelekwa juu Timboroa ambako ilisemekana msituni kuna majani bado. Kipyego akanyoosha kidole: pale, chini ya tumbo la ng'ombe, kwenye kiwele kilichonyauka kama mfuko mtupu. Akagusa mdomo wa Kipkorir. Akanyooshea kiwele tena. Mdomo, kiwele. Na machozi yalikuwa yanamtiririka.

Kipkorir alisimama pale, fizi zikimwuma, na maumivu yale aliyajua. Aliwahi kuyapata akiwa mtoto wa kuchunga ndama, siku aliponyatia kibuyu cha maziwa wakati bado ana mafuta ya nyama midomoni. Kogo, bibi yao aliyewalea, alimshika kichwa vivyo hivyo akampangusa vivyo hivyo. Aliyekula nyama leo haguswi na maziwa mpaka kesho. Ukivichanganya tumboni, ng'ombe aliyekupa maziwa ataugua kiwele, atakauka, atakufa. Kogo alisema hivyo kila siku ya nyama, na wao wawili waliketi wakasikia.

Kipkorir alikua, akabatizwa, akaanza kula nyama choma kwenye hoteli za mjini akishushia chai ya maziwa, na siku ya kwanza hakuna aliyekufa, basi akasahau. Kipyego hakuenda hoteli. Aliambiwa jambo moja, na jambo likiingia kwake halitoki.

Kisha Kipkorir akaona jambo baya zaidi. Kila alipokuja kumtembelea, Kipyego huita ng'ombe wa nyumbani mmoja mmoja, kila mmoja kwa sauti yake, na kungoja. Kipkorir hujibu: yuko, au hayuko. Mwaka huu wote alikuwa amejibu hayuko, hayuko, hayuko, kwa kuwa ndiyo ukweli na hakuona haja ya kumdanganya mtu asiyeelewa. Ndugu yake alielewa. Alisikia ng'ombe wanakwisha, akatazama sahani, akaona ni yeye anayewamaliza.

"Hiyo haiwezekani," alisema Sista Sarah, Kipkorir alipomaliza kumweleza. "Mimi pia ni mtu wa hapa. Kwetu tunakula vyote pamoja, hata nyanya yangu."

"Nyanya yako alikuwa nani?"

"Mke wa mchungaji wa kanisa."

"Yetu alikuwa mke wa ng'ombe."

Sista hakucheka. "Mzee, usinikasirikie. Inaweza kuwa unataka tu kibuyu kirudi."

"Kibuyu kaa nacho. Siku nilipoleta kibuyu alikunywa maziwa kwanza, kwa hiyo hakugusa nyama yenu. Wewe mwenyewe umesema uliangalia."

Sista akawa anaigonga kalamu mezani bila kujua. "Siku hizi hata uji wa asubuhi tunatia maziwa," alisema baadaye, kama anaongea peke yake. "Anakunywa uji. Basi mchana nyama haiwezekani. Jioni ni ile ile ya mchana." Akanyanyua macho. "Kuna wazee wengine wawili kwenye sahani hiyo, wa kutoka kule mabondeni. Nao wanashuka. Nilikuwa nafikiri ni minyoo."

"Sijui habari zao. Mimi nina huyu."

"Mimi nina wote. Lakini jikoni si yangu, mzee. Jiko ni moja na mpishi ni mmoja, na wewe umemwita mwizi. Nenda uongee naye."

Wasike alimsikiliza mpaka mwisho huku anaosha sufuria, na hakugeuka.

"Kwa hivyo niliposema ile nguruwe, haukuamini. Sasa wewe unaniambia ng'ombe iko Sugoi inakufa kwa sababu ya mchuzi yangu iko Eldoret, na mimi niamini."

"Usiamini. Pika tu kando."

"Kwetu, bwana, mboga bila maziwa ni majani. Nimepikia watu hivyo miaka yote na hakuna ng'ombe ilikuja kulalamika."

"Wasike, tafadhali."

Lile neno lilimgeuza. Alijipangusa mikono kidole kwa kidole. "Kwanza jina langu. Ulilichafua pale nje, mbele ya watu. Hawa wanaitwa wendawazimu lakini wanasikia. Adongo tangu siku ile ananiita Mheshimiwa Mwizi, na kila asubuhi ananipigia saluti. Lisafishe palepale ulipolichafua."

Saa ya chakula Kipkorir akasimama katikati ya meza, koti limefungwa vifungo vyote.

"Nilisema huyu ni mwizi," alisema. "Sijapata ushahidi."

"Hiyo sio," alisema Wasike kutoka dirishani mwa jikoni.

"Huyu hakuiba nyama ya ndugu yangu."

"Mzee."

Mifupa yote ya shingo ya Kipkorir ilikataa, akailazimisha. "Huyu si mwizi."

"Sasa ni nani?" aliuliza Adongo.

"Ni mpishi," alisema Kipkorir, akaketi.

Kesho yake mchana nyama ikapikwa bila maziwa, na asubuhi wale wa sahani ile wakapewa uji mkavu, usio na tone la maziwa. Kipyego akainamia sahani, akanusa, akaisukuma kwa Adongo.

Kipkorir akainuka mezani. Wasike naye alitoka jikoni na upawa mkononi, uso umevimba. "Unaona? Sasa ni nini tena? Maziwa hakuna, naapa kwa mama yangu."

"Sufuria," alisema Kipkorir.

"Nimeiosha."

"Umeiosha kwa pua yako. Si kwa yake."

Walibishana mpaka Sista Sarah akaja kuwatenganisha. Lakini jioni ile Wasike aliondoka na baiskeli kimya kimya, na asubuhi akarudi na sufuria nyeusi ya kwake nyumbani, ya kuchemshia maharagwe, ambayo mke wake aliitoa kwa maneno mengi. Akamwita Kipyego jikoni, jambo ambalo hakuwahi kumruhusu mgonjwa yeyote, akamketisha juu ya debe karibu na moto.

"Angalia," alimwambia, kwa sauti ya mtu anayeongea na mkaguzi. "Maji. Chumvi. Nyama. Basi. Nusa. Nusa tena, usiwe na haraka, ndugu yako alinusa mpaka ndani ya ndoo."

Kipyego alinusa maji, akanusa chumvi, akanusa mkono wa Wasike pande zote mbili. Nyama ilipoiva alikula palepale juu ya debe, akala mpaka mchuzi, akakwangua. Wasike alimtazama anavyokula, na hakusema neno la mzaha.

Wakapanga hivyo: siku ya nyama ni nyama, kwa sufuria ya maharagwe, siku ya maziwa ni maziwa na mayai na mboga. Wale wazee wawili waliwekwa kwenye mpango uleule, na mmoja wao, ambaye hakuwahi kumsemesha mtu, siku ya kwanza alimwuliza Wasike kwa nini alichelewa hivyo.

Mwisho wa mwezi ulifika. Asubuhi ya kupimwa Kipkorir alikuwa mbele ya mizani kabla ya Sista. Aliizunguka. Aliikanyaga kwa mguu mmoja, akaitazama sindano ya kuonyesha uzito inavyorudi, akauliza ni nani aliyeileta, na ikiwa iliwahi kuanguka.

"Mizani haina kabila, mzee, wala haina chama," alisema Sista Sarah.

"Ilitengenezwa na watu."

"Haya, niambie nifanye nini."

Alimfanya aweke juu yake mfuko wa sukari wa dukani ambao haujafunguliwa, auondoe, auweke tena. Sindano ilisema uleule mara zote. Alitafuta neno jingine la kusema, akakosa.

Kipyego alipanda. Sindano ikayumba, ikatafuta, ikatulia. Sista Sarah aliinama, akatazama daftari lake, akainama tena. Kipkorir alikuwa anaona kisogo chake tu.

"Hakushuka," alisema. "Amepanda. Si sana, kama kifaranga hivi, lakini amepanda."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo anabaki. Mwezi ujao nitampima tena. Akiendelea kula, Nairobi hatuizungumzi." Akamshusha Kipyego kwa mkono. "Lakini lazima aendelee kula, mzee. Bado ni mwembamba sana. Akiacha hata wiki moja, hii yote inarudi chini."

Kipkorir aliitikia kwa kichwa. Alikuwa na jambo jingine kifuani tangu alfajiri. Mtu wa Sugoi alipita Langas na habari: yule ng'ombe wa pembe iliyovunjika, ambaye Kipyego alimlea tangu akiwa ndama, alilala Jumapili na hakuamka. Ngozi ilikuwa uani. Amebaki mmoja, na huyo naye anasimama kwa kuegemea ukuta.

Mchana ulikuwa wa nyama. Wasike alileta sahani mwenyewe, akaiweka, akabaki amesimama hapo na mikono nyuma, kama baba wa mtoto anayesoma shairi shuleni. Adongo alitazama sahani kwa huzuni ya mtu aliyefiwa na pensheni.

Kipyego alishika kijiko, kisha akakiweka chini. Akamgeukia ndugu yake. Aliita ng'ombe wa kahawia kwa sauti yake, ile ndefu yenye kupanda mwisho, akangoja.

"Yuko," alisema Kipkorir.

Akaita wa pembe iliyovunjika. Sauti hiyo ilikuwa fupi, ya chini, karibu kama mtu anayebembeleza mtoto. Akangoja.

Kipkorir alikuwa ameudai ukweli kwa kila mtu mwaka huo: kwa mpishi, kwa muuguzi, kwa mwalimu mgonjwa, kwa mizani, mpaka kwa ndoo ya nguruwe. Sahani ilikuwa inatoa mvuke. Wasike alimtazama.

"Yuko," alisema.

Kipyego hakushika kijiko. Alimsogelea ndugu yake uso kwa uso, akamtazama jicho hili, akahamia lile, kama mtu anayeshika noti na kuinyanyua kwenye mwanga. Aliita tena, pole pole, sauti ileile fupi.

"Yuko, nakwambia. Amesimama pale nyumbani. Anakula."

Kisha Kipyego akanusa sahani, akachukua kijiko, akaanza kula pole pole, na muda wote aliokuwa anakula hakuyaondoa macho yake kwenye mdomo wa Kipkorir.